Begi Lisilovulika

Hebu pata picha ya kona moja ya mtaa. Barabara mbili zenye lami iliyochubuka zinakutana, na pale zinapokutana kuna ukuta mrefu wa ghala ambalo halifunguliwi siku hizi. Asubuhi ukuta huo unatoa kivuli kizuri. Chini ya kivuli kuna benchi la mbao, mguu wake mmoja umeegemezwa kwenye tofali, na mbele ya benchi kuna jiko la mkaa lenye birika jeusi la kahawa. Mwenye birika ni mama wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Mama Birika. Upande wa kulia amekaa Rubani, ambaye hajawahi kupanda ndege hata ya kubembea. Aliendesha malori maisha yake yote, na jina hilo alipewa na utingo wake, aliyeapa kwamba gari likiteremka mlima magurudumu hayakuwa yanagusa chini. Upande wa kushoto yuko Bomba, fundi wa mabomba, mtu anayeeleza kila jambo la dunia kwa maji. Na katikati, mahali ambapo tangu msiba palikuwa pameachwa wazi bila mtu kuagiza, leo amerudi Turubai.

Turubai ni fundi cherehani, lakini si wa magauni. Anashona maturubai ya malori, viti vya pikipiki na mabegi ya safari, kwa uzi mnene uliopakwa nta. Alikuwa na binti mmoja tu. Benchi lilimwita binti huyo Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alikuwa anakata tiketi kwenye dirisha la stendi ya mabasi, anawapeleka watu wanakokwenda siku nzima huku yeye amekaa. Mwaka huu akachoka kukaa. Akachukua likizo yake yote, akavaa begi mgongoni, akaenda nchi za mbali kulala kwenye mabweni ya wasafiri na kutembea kwa miguu yake. Huko akajiunga na safari ya kutwa ya kushuka korongo: unavaa suti ya mpira na kofia ngumu, unafungwa kamba kiunoni, na kiongozi anawashusha palepale mto wenyewe unapopita, mwamba hadi mwamba, mpaka bondeni. Asubuhi alituma picha ya vidole vyake vya miguu. Jioni haikuja picha. Amezikwa, na watu wamesharudi makwao.

Turubai amerudi benchini na kitu ambacho hajamwambia mtu. Begi lile alilishona yeye. Sindano alikuwa amemwomba mikanda ya vibanio, vile ambavyo ukivibonyeza begi linaanguka lenyewe. Turubai akakataa. Begi linalovuliwa upesi, alisema, linaibiwa upesi. Akaipitisha mikanda kifuani na kiunoni, akaifungia nyuma, mahali ambapo mkono wa mwenye begi haufiki, na kila kona akapiga mraba wenye msalaba ndani, mshono wake wa malori. Mwizi angehitaji kisu na subira.

Sindano alilijaribu, akajizungusha dukani akitafuta pa kutokea, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

— Baba, na mimi mwenyewe nitatokaje humu?

— Utamwomba mtu.

Sasa kila akifumba macho, Turubai anauona mto. Anamwona binti yake ndani ya maji, mkono umepinda nyuma, unatafuta kifungo na haukifikii. Taarifa zilizofika zilisema maji yalimchukua. Hazikusema alikuwa amebeba nini. Begi halikurudi naye. Kwa hiyo asubuhi hii Turubai ametoka nyumbani kutafuta jibu la swali moja: mtu akishuka korongo, anashuka na begi lake mgongoni? Kuliuliza waziwazi hawezi. Akiliuliza waziwazi, watajua.

Mama Birika alimmiminia kahawa, akamshikisha kikombe kwa mikono yake miwili kama anampa mgonjwa.

— Karibu nyumbani, ndugu yangu, — akasema Rubani.

— Ahsante.

Kisha benchi likanyamaza, jambo ambalo benchi hilo halina mazoea nalo.

— Barabara ya juu wamechimba tena, — Bomba akajaribu.

— Wamechimba, — Rubani akakubali.

— Halafu hawafukii.

— Hawafukii kabisa.

Mama Birika akawatazama kwa zamu.

— Nyie vipi? Siku zote mnabishana mpaka mbwa wanahama mtaa. Leo mmekuwa maharusi?

— Mtu akikubaliwa napo kosa? — akasema Rubani.

— Wewe ukimkubali Bomba, mi naogopa.

Turubai akapuliza kahawa yake.

— Waache. Nina swali.

Vichwa vyote vikageuka.

— Hivi hili jambo la kushuka korongo. Linafanywaje hasa?

Rubani akatazama chini. Bomba akatazama juu.

— Unataka tuliongee? — akauliza Rubani.

— Nataka.

— Hapa hapa?

— Kwani tuna benchi lingine?

Rubani akajikohoza. Alikuwa amesubiri ruhusa hiyo kwa muda mrefu bila kujua kwamba anaisubiri. Ilimuuma kumtazama rafiki yake na kukosa la kumsaidia zaidi ya hadithi za barabara mbovu.

— Basi mi nitakwambia. Kushuka ni kushuka. Nimeteremsha lori la saruji mlima ambao ukisimama juu yake unakumbuka dhambi zako kwa majina. Siri ni gia. Ukikosea gia, umekwisha.

— Korongoni kuna gia gani? — akauliza Bomba.

— Kamba ndiyo gia.

— Kamba ni breki.

— We fundi wa vyoo unajua nini kuhusu breki?

— Najua maji. Na mjadala huu ni wa maji. — Bomba akaweka kikombe chini ili mikono iwe huru. — Korongo ni bomba lililokosa mfuniko. Basi. Ukiwa ndani yake usijiulize habari za kamba. Jiulize, nani kashika koki?

— Mto una koki?

— Kila maji yana koki mahali. Huko juu mlimani kuna aliyefungua.

— Mungu? — akauliza Mama Birika.

— Mimi sijataja mtu.

Turubai akaona mwanya.

— Na mizigo? — akauliza taratibu. — Mtu akishuka hivyo, mizigo yake inakuwa wapi?

— Aa, mzigo ni muhimu, — Rubani akadakia. — Lori tupu linarukaruka kama mbuzi. Lori lenye shehena limetulia. Mimi ningeshuka na mzigo mzito hasa, hapa mgongoni. Unakutuliza.

— Mtu si lori.

— Mtu ni lori dogo.

— Kwenye maji mzigo unakuua, bwana wee! Begi likishakunywa maji linakuwa jiwe. Uwe fundi wa kuogelea, uwe nani, linakuvuta tu. Hata ndoo ya...

— Bomba, — akasema Mama Birika. — Kahawa yako inapoa.

— Mi ndo naipenda hivyo.

— Basi inywe.

Bomba akanywa. Hakujua amekosea wapi, wala Mama Birika hakujua. Yeye aliona tu kwamba kikombe cha Turubai kimeanza kugongana na pete yake ya ndoa, ti-ti-ti, na kwamba mwenyewe amekiteremsha gotini ili kinyamaze.

— Mi kosa nampa yule kiongozi, — Rubani akaendelea. — Kiongozi gani anaingiza watu kwenye maji yanayopanda?

— Hayakuwa yanapanda. Tuliambiwa jua lilikuwa kali.

— Ehe! Jua kali, maji yanapanda. Wenyewe wanajichanganya. Mi nasikia huko kwao kila kitu kina ratiba. Mto wanauwasha asubuhi, wanauzima jioni, kama taa za barabarani. Huyo kiongozi kaisahau saa.

— Mto hauwashwi.

— Si wewe uliyesema una koki?

— Nimesema koki, sijasema swichi.

— Tofauti yake nini?

— Koki inazungushwa. Swichi inabonyezwa.

— Mnasikia? Mnamsikia huyu?

Mama Birika akacheka, kisha akamtazama Turubai na kicheko kikamfia mdomoni. Lakini Turubai mwenyewe alikuwa karibu kutabasamu. Hapa ndipo Sindano angesimama mbele yao, mkono kiunoni, amechelewa kazini kama kawaida, na kuwaambia: Wazee, mmeshindwa wote wawili, kesi imefungwa. Turubai akajikuta ametega sikio upande wa barabara. Pikipiki ikapita. Ikapita nyingine.

— Mnataka ukweli? — akasema Bomba, ambaye hakupenda kuachwa nyuma. — Ile milima ya huko haina kitu ndani. Ni matangi. Wamechimba, wakajenga matangi, wakapanda miti juu ili isijulikane. Maji yakishafika chini wanayapiga pampu yanarudi. Mtalii wa leo anashuka na maji yaleyale ya mtalii wa jana. Sasa siku tangi likipasuka...

— Umeliona hilo tangi?

— Bomba la ndani ya ukuta huwa unaliona? Si unasikia tu?

— Lakini wanavaa nini? — Turubai akaingilia kati. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. — Ile suti ya mpira. Juu ya suti, wanavaa nini?

— Kofia, — akasema Bomba.

— Na mgongoni?

— Mgongoni chupa ya hewa, — akasema Rubani bila kusita.

— Hiyo ni ya wapiga mbizi.

— Basi parachuti.

— Parachuti majini?

— Maporomoko si yana juu na chini? Kitu chenye juu na chini kinahitaji parachuti.

Turubai akaona kwamba hapati kitu. Watu hawa aliwapenda. Walikuwa wamelibeba jeneza pamoja naye, Bomba mbele, Rubani nyuma akihema, na hawakukubali kupokewa njia nzima. Lakini korongo hawakuwa wamewahi kuliona, na wangeweza kulijaza matangi na parachuti mpaka jioni, na yeye angerudi nyumbani na mto wake uleule.

Rubani alikuwa anamtazama kwa pembeni.

— Mi nina wazo langu, — akasema hatimaye, safari hii kwa upole. — Sijamwambia mtu. Huko mbali watu ni wengi. Wote wamevaa suti nyeusi, wote wana kofia, wamelowa. Vitu vinachanganyika. Mi mwenyewe nishawahi kupakiwa shehena ya mtu mwingine, imefungwa vizuri, ina muhuri, jina langu juu. Kwa hiyo huwa nawaza... pengine siye yeye tuliyemzika. Pengine Sindano yuko kwenye bweni fulani, simu imeingia maji, anashangaa tu mbona hatupigi.

Mkaa ukapasuka jikoni.

— Rubani, — akasema Bomba kwa sauti ndogo. — Hapana.

— Nimesema pengine.

Turubai akamgeukia. Hakukuwa na hasira usoni mwake.

— Nilimwona, ndugu yangu. Ana lile kovu la pasi hapa, chini ya kiwiko, alilolipata dukani kwangu akiwa mdogo. Nilimshika mkono. Ni yeye.

Rubani akavua kofia yake, akaiweka magotini, akaanza kuikunja ukingo.

— Ndiyo, — akasema. — Ndiyo. Nisamehe.

— Hakuna cha kusamehe. Hata mimi nililitafuta lile kovu nikiomba nisilione.

Mama Birika akachukua kipande cha boksi, akawa anapepea jiko ambalo halikuhitaji kupepewa.

Ndipo Turubai alipoliona begi.

Aliliona kabla hajamwona aliyelibeba. Lilikuwa linakuja upande wa pili wa barabara, turubai la kijani la malori, kona zake zina mraba wenye msalaba ndani. Halikuwa mgongoni mwa mtu. Msichana mmoja alikuwa amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili, anachungulia kwa pembeni ili aone anapokanyaga, na mguu mmoja anauburuta kidogo. Akavuka. Akasimama mbele ya jiko.

— Shikamooni.

— Marahaba, — wakaitika wote isipokuwa Turubai.

— Samahanini. Nimetoka mbali kidogo. Niliambiwa nikifika huku nisiulize nyumba, niulize benchi la kahawa, baba yake nitamkuta hapo.

— Baba yake nani, mwanangu? — akauliza Mama Birika, ingawa alikuwa ameshasimama.

— Alisema hapa mnamwita Sindano.

Bomba akasogea bila kuambiwa. Msichana hakukaa. Aliwatazama wanaume watatu mmoja mmoja, na alipofika kwa yule wa katikati hakuhitaji kuonyeshwa. Akainama, akaliweka begi juu ya mapaja ya Turubai.

Turubai akapitisha kiganja. Akaishika mikanda, akafuata mshono kwa kidole gumba mpaka nyuma, kwenye vifungo. Kitambaa kilikuwa kigumu, kina vumbi, kinanukia sabuni ya kufulia. Hakikuwa na tope wala chembe ya mchanga.

— Limekauka, — akasema.

— Halijakauka, baba. Halikulowa. Kule hakuna anayeshuka na begi lake. Tuliyaacha yote kwenye gari, juu, barabarani. Kiongozi peke yake ndiye alibeba mfuko wa kamba. Sisi mgongoni hatukuwa na kitu.

Bomba akaitazama ile mikanda inayofungwa nyuma. Akakumbuka aliyoyasema kuhusu begi linalokunywa maji, akaelewa yote kwa mara moja, akajiziba mdomo kwa mkono.

Turubai alikuwa amefikiri kwamba akilisikia jibu hilo, jiwe litamtoka kifuani. Likatoka kweli. Lakini pale lilipokuwa akakuta kitu kingine ambacho hakukitarajia. Kumbe alitaka binti yake awe na begi lile. Kumbe katika ndoto zote zile, pamoja na ule mkono uliokuwa hauvifikii vifungo, kulikuwa na kazi yake imemzunguka mwanawe kifuani na kiunoni, imemshika, haimwachii. Sasa hata hilo halikuwepo. Ameingia kwenye maji yale bila kitu cha baba yake.

— Hamkuwa na kitu, — akasema.

— Hatukuwa na kitu.

— Basi vizuri. Ahsante. — Na machozi yakamtoka hapo, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu ipigwe simu ya msiba, akiyaacha yadondoke kwenye begi.

Walimwacha. Mama Birika akamkalisha msichana kwenye ndoo yake mwenyewe iliyogeuzwa, akampa kahawa. Rubani akawa anawatazama wapita njia kwa ukali, ili mtu asithubutu kusimama.

Turubai alipojifuta uso, akauliza:

— Mlifahamiana vipi?

Msichana akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza.

— Kwa hilo begi. Nilikuwa nimelala bwenini, kitanda cha juu. Ghafla akaingia mtu anajizungusha kama paka aliyekwama kwenye mfuko, anagonga vitanda, halafu anatukana kwa Kiswahili. Nilikuwa sijakisikia siku nyingi, nusura nianguke. Nikaruka chini. Akanitazama, akasema: Dada, nitolee baba yangu mgongoni.

Bomba akacheka. Kicheko kilimtoka vibaya, kama kikohozi, kisha wote wakacheka, na Turubai pia, na wakacheka muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili.

— Basi tukawa pamoja tangu siku hiyo, — akaendelea msichana. — Asubuhi namvisha, jioni namvua. Nikamwambia, si ukate tu hiyo mikanda uweke vibanio? Kisu anacho. Anasema atakata kesho. Kila siku kesho.

— Hakukata, — akasema Turubai, kidole chake kikiwa bado kwenye mshono.

— Hakukata.

Rubani akajikaza.

— Binti, na yule kiongozi? Alikuwa mlevi, siyo?

— Hapana, baba. Alikuwa mtu makini, anatukagua mikanda kila baada ya mwamba mpaka tunamcheka. Kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvua ilinyesha mbali, juu mlimani, sisi hatukuiona. Maji yakabadilika rangi tu, yakawa udongo, halafu yakaanza kuleta majani. Akapuliza filimbi. Palikuwa na mwamba mpana juu yetu, akapanda, akateremsha kamba, akaanza kutuvuta mmoja mmoja. Wenzetu wakapanda. Tukabaki wawili.

Alikuwa ameshika kikombe lakini hajakipeleka mdomoni.

— Zamu ilikuwa yake. Pete ya kamba, ile ya chuma ya kujifungia, ilikuwa mkononi mwake. Akanifunga mimi. Nikavutwa. Nilipofika juu nikageuka, na pale tulipokuwa tumesimama hapakuwa na mahali tena, ni maji tu. Kiongozi alikuwa amelala kifudifudi, kamba ameishusha kwa mkono wote, anaita. Aliita mpaka sauti ikakauka. Ilibidi wanaume wawili wamshike miguu wamrudishe nyuma.

Rubani akaivaa kofia yake, kisha akaivua tena.

— Begi wangeweza kulisafirisha, — akasema msichana. — Nililazwa huko, kwa huu mguu, nikawakatalia. Lakini si begi lililonileta. Nimekuja kuuliza. Nyinyi mmemjua tangu mdogo. Kwa nini alinipisha?

Benchi zima likamtazama.

— Sindano? — Mama Birika akasema peke yake, kama anayeota. — Sindano ampishe mtu? Yule aliyemrudisha mwisho wa foleni mkubwa wake wa kazi, mbele ya abiria wote?

Rubani akafungua mdomo. Kila mtu akamngojea. Akaufunga. Bomba akaitazama mikono yake, wala hapakuwa na maji yoyote duniani ya kumsaidia kulieleza jambo hilo.

— Nilikuwa natetemeka, — msichana akasema upesi. — Pengine aliniona. Au pengine alifikiri kuna muda. Au mimi ndiye nilimsukuma. Sikumbuki vizuri. Kulikuwa na kelele, tulikuwa tumebanana. Nikilala naona kabisa nimemsukuma, nimemnyang'anya ile pete. Naamka nikiwa nimekunja ngumi.

Turubai aliweka begi pembeni. Sauti ile aliijua. Alikuwa anaamka nayo kila siku. Akamwinamia msichana, akamuuliza kama anavyomuuliza mteja aliyeleta kitu kilichochanika, bila haraka.

— Hiyo pete, ilifungwa wapi? Mbele au nyuma?

— Mbele. Hapa, tumboni.

— Inafungwaje?

— Inabanwa kwenye mkanda. Halafu ina kishikizo cha kuzungusha, kama skrubu, ili isifunguke.

— Nani alikizungusha?

— Yeye.

— Kidogo?

Msichana akafikiri. Mkono wake ukaenda tumboni, vidole vikazunguka hewani, vikazunguka tena.

— Hapana. Mpaka mwisho. Nilimwambia haraka, haraka. Akaniambia subiri. Akakaza. Akakivuta kuona kama kimeshika.

— Alikivuta.

— Alikivuta, kisha akanipiga hapa begani.

Turubai akaitikia kwa kichwa polepole. Mtu aliyenyang'anywa kitu hafanyi hivyo. Hilo lilikuwa karibu na kazi yake, na hilo alilijua.

— Kwa nini alikupisha, sijui, — akasema. — Nimemzaa, nimemlea, na sijui. Hawa unaowaona hapa wana jibu la kila kitu, na wamenyamaza. Ningekuwa na jibu ningekupa lote. — Akaushika ule mkono uliobaki umekunjwa tumboni, akaufungua kidole kimoja kimoja. — Lakini nakuomba ukumbuke jambo moja tu, mwanangu. Ukiamka na hizo ngumi, likumbuke hilo kabla ya mengine. Ile pete aliikaza mpaka mwisho.